John Moses Browning, Fundi wa Bunduki wa Ogden



Kama ilivyo desturi, kila kijitabu cha mkutano wetu hutenga kurasa chache kwa maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Safari hii kamati iligawanyika. Walikuwapo waliosema kwamba fundi wa silaha hana nafasi katika kitabu cha ukoo, tena katika mji ambamo akina mama wa mitaa mingi wamewazika vijana wao kwa sababu ya bastola. Hoja yao ni nzito, wala sidhani kwamba imejibiwa. Walioshinda walikumbusha mambo mawili tu. La kwanza, vita vilivyomchukua babu yetu wa Pangani asirudi tena viliwashwa kwa bastola aliyoibuni mtu huyu. La pili, bastola nyingine yenye jina lake iliundwa hapa hapa Toronto, mwendo wa basi na tramu kutoka Flemingdon Park tutakapokutania. Mimi nilikuwa upande wa wapinzani, na pengine ndiyo sababu nikapewa kazi ya kuandika.

John Moses Browning alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 katika mji mdogo wa Ogden, jimbo la Utah, huko Marekani. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi wa bunduki aliyetoka Tennessee, akakaa Illinois, akajiunga na dini ya Wamormoni, kisha mwaka 1852 akahamia Utah pamoja na waumini wenzake. Mzee huyo alikuwa na wake watatu na watoto 22. Sisi tuliolelewa katika nyumba za mitala tutaielewa upesi hali ya ua ule: watoto wa mama huyu na wa mama yule, karakana moja, baba mmoja, na kila mtoto akijitafutia njia ya kutambulika. John alikuwa mtoto wa mke wa pili. Yasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi aliokota mtutu mkongwe katika rundo la vyuma vya baba yake, akaufunga kwenye kipande cha ubao kwa waya, akatoka na mdogo wake Matthew kuwinda ndege. Huyo Matthew alikuja kuwa mshirika wake wa maisha yote: John akibuni, Matthew akitunza hesabu na biashara. Ndugu wengine wa baba mmoja nao walifanya kazi karakanani humo.

Shule aliyoipata ilikuwa ndogo. Hakuwa mtu wa michoro. Aghalabu alikata vipande vya bati au karatasi kwa umbo alilolifikiria, akavipanga, kisha akageukia chuma na tupa. Mwaka 1879 mambo matatu makubwa yalimfika: baba yake alifariki, yeye mwenyewe akamwoa Rachel Teresa Child, na mwezi Oktoba serikali ikampa hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, kwa bunduki ya kupiga risasi moja moja. Yeye na ndugu zake wakaanza kuiunda kwa mikono hapo Ogden. Mwaka 1883 kampuni ya Winchester ikanunua haki ya bunduki hiyo kwa dola 8,000, na tangu hapo ikaendelea kununua karibu kila alichokibuni, hata vile ambavyo haikukusudia kuvitengeneza, ili visiangukie mikononi mwa washindani. Katikati ya ushirika huo, mwaka 1887, alitupa tupa yake kando akaenda Georgia miaka miwili kuhubiri dini yake, akirudi 1889. Watu wa kiwandani hawakufurahi, lakini kwake ibada ilitangulia.

Mwaka ule ule aliorudi ndipo alipopata wazo lililobadili silaha za ulimwengu. Alimwona mwenzake akipiga shabaha penye majani marefu, akatambua kwamba kila risasi ilipotoka, majani ya mbele ya mtutu yalilala kana kwamba yamepigwa na upepo. Wengine walikuwa wameyaona majani hayo maisha yao yote. Browning akajiuliza kwa nini nguvu hiyo ipotee bure, ilhali ingeweza kutumika kulitoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine.

Hapa naomba radhi kwa wale wasiopenda mambo ya vyuma, maana bila kueleza kidogo maisha ya mtu huyu hayaeleweki. Bastola ya zamani, ile yenye gurudumu la matundu sita, huzungushwa kwa nguvu za kidole cha mpigaji. Bastola ya kujijaza hufanya vingine. Risasi inapokwenda mbele, nguvu iliyo sawa nayo husukuma nyuma. Kifuniko cha chuma kilicho juu ya mtutu huteleza nyuma, hutupa ganda nje, kisha springi hukirudisha mbele nacho huchukua risasi mpya kutoka magazini iliyomo ndani ya mpini. Mpigaji hubaki na kazi ya kuvuta kifyatuo tu, mara moja kwa kila risasi. Hicho kifuniko kinachoteleza, ambacho leo kimo karibu katika kila bastola ya aina hii duniani, ni kazi ya Browning.

Mwaka 1897 wakala wa kiwanda cha Kibelgiji, Fabrique Nationale cha Herstal karibu na Liège, alikutana naye huko Marekani, na mapatano yakatiwa sahihi mwezi Julai. Kiwanda hicho kilikuwa kimeanzishwa 1889 kuunda bunduki za Mauser, na sasa kilikuwa kikitafuta kazi mpya. Hivyo ndivyo fundi wa Utah alivyopata nyumba ya pili ng'ambo ya Atlantiki.

Bastola tatu alizokipa kiwanda hicho zafaa kutazamwa kwa kufuatana, kwa kuwa hapo ndipo waonekanapo mkono na akili ya mtu. Katika ile ya 1900 springi ililazwa juu ya mtutu, na kwa hiyo bastola ikawa na kichwa kinene. Katika ile ya 1903 springi iliteremshwa chini ya mtutu. Katika ile ya 1910 springi ilizungushwa mtutu wenyewe kama bangili inavyozunguka mkono, na bastola ikawa nyembamba, laini, isiyo na nundu wala pembe ya kunasa kwenye kitambaa cha mfuko. Kila toleo jipya lilikuwa na umbo jepesi zaidi kuliko lililotangulia. Upande wa Marekani, katika bastola kubwa alizoibunia kampuni ya Colt, alifanya vivyo hivyo: ile ya 1900 mtutu wake ulishikwa na viungo viwili vya kuyumba, mbele na nyuma, ile ya 1911 ulishikwa na kimoja tu. Kwa Browning, kuendeleza chombo kulimaanisha kukipunguza.

Mtazamo huo wa ufundi ni wa kusifiwa, wala sitaki kuuficha. Lakini ulaini wa bastola ya 1910 uliwafaa pia watu wasiotaka ionekane. Tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana aitwaye Gavrilo Princip aliitoa bastola ya namna hiyo akapiga mara mbili, akamwua mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, Franz Ferdinand, na mkewe Sophie. Kwa miaka mingi vitabu vingi viliandika kwamba aliyoitumia ni ile ya zamani, ya 1900. Si kweli. Ilikuwa ile mpya, ya 1910, yenye namba 19074. Bastola yenyewe ilikuwa imehifadhiwa na mapadri Wajesuiti huko Austria, wakaitoa mwaka 2004, na sasa imo katika makumbusho ya kijeshi ya Vienna.

Hivyo vita vilivyoanza Ulaya vilifika kwetu kabla mwaka haujakwisha. Mwanzoni mwa Novemba 1914 majeshi yaliyoletwa na Waingereza kutoka Bara Hindi yaliteremka Tanga yakashindwa na askari wa Kijerumani. Mwaka 1916 Waingereza walirudi kwa nguvu zaidi, wakaishika Tanga mwezi Julai. Wabelgiji nao wakatoka Kongo, wakaingia Tabora mwezi Septemba, na maafisa wao walikuwa wa jeshi lililozitumia bastola za Browning tangu toleo la kwanza. Jamaa zetu wa Tabora na jamaa zetu wa Pangani, ambao bado hawakuwa jamaa wakati huo, waliona mwaka mmoja bendera mbili tofauti zikichukua nafasi ya moja.

Kilichowaua watu wetu aghalabu hakikuwa risasi, bali ni mzigo. Hakukuwa na barabara za magari wala wanyama walioweza kustahimili mbung'o. Kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipanda kichwani mwa mtu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na jina hilo katika vinywa vyetu likawa Kariakoo, sehemu ya Dar es Salaam palipokuwa na kambi yao. Nairobi nako likabaki Kariokor. Makumi ya maelfu walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Babu wa bibi yetu mkubwa, mvuvi wa Pangani, alichukuliwa upande wa mto Rufiji. Habari ya mwisho kumhusu ililetwa na mwenzake mmoja aliyerudi amedhoofu, nayo ilikuwa kwamba alimwacha akiwa hai lakini hawezi kusimama.

Turudi kwa Browning. Yeye hakuwahi kukutana na Princip, na wala hakuna ajuaye alifikiri nini habari za Sarajevo zilipomfikia. Mwaka huo huo wa 1914 mfalme Albert wa Ubelgiji alimtunukia nishani ya Leopold, maana bastola zake zilikuwa zimekiletea kiwanda cha Herstal utajiri. Hata hivyo haikuwa njia laini siku zote. Mwaka 1902 alivunja ushirika na Winchester baada ya kampuni hiyo kukataa kumlipa sehemu ya kila bunduki itakayouzwa, badala ya malipo ya mara moja. Akaipeleka bunduki hiyo kwa Remington. Akiwa anangoja kuonana na mkuu wa kampuni, aliambiwa kwamba mkuu huyo amefariki ghafula kwa ugonjwa wa moyo. Ndipo akaifunga bunduki yake akapanda meli kwenda Ubelgiji.

Bastola ya Colt ya 1911 ndiyo iliyomjengea jina kubwa kwao. Jeshi la Marekani liliijaribu kwa risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja, likaikubali tarehe 29 Machi 1911, na likaendelea kuitumia kama bastola yake rasmi hadi 1985. Katika muda huo ilibadilishwa mara moja tu kwa dhahiri, miaka ya 1920, ikaitwa A1: kifyatuo kikafupishwa ili kidole kifupi kikifikie, chuma nyuma yake kikachongwa pande mbili, mgongo wa mpini ukapindwa utulie kiganjani, na ulimi wa usalama ulio juu ya mpini ukarefushwa ili nyundo isimbane mpigaji. Ndani, hakuna aliyegusa jambo la maana. Marekani ilipoingia vitani 1917, Browning alikubali dola 750,000 kwa haki za silaha zake, ilhali kwa mapatano ya kawaida angestahili zaidi ya milioni kumi. Mwanawe Val alikwenda Ufaransa kama afisa wa jeshi kuwafundisha askari bunduki mpya ya baba yake.

Matthew alifariki 1923, na walio karibu na John walimwona akizeeka kwa ghafula. Bado aliendelea kusafiri. Tarehe 26 Novemba 1926, akiwa Herstal katika kiwanda alimokuwa akifanya kazi, alijisikia vibaya, akalazwa kwenye kochi katika ofisi ya Val, na moyo wake ukasimama. Alikuwa na umri wa miaka 71 na hati za uvumbuzi 128. Maiti ilivushwa bahari ikazikwa Ogden.

Juu ya meza alikuwa ameacha kazi isiyokwisha. Wafaransa walikuwa wametaka bastola ya kijeshi yenye magazini kubwa, na fundi wa Kibelgiji, Dieudonné Saive, alikuwa amebuni magazini ambamo risasi hupangwa safu mbili zilizopishana, hivyo ikabeba 13 pale ambapo za kawaida zilibeba saba au nane. Browning alikuwa ameombea hati ya bastola hiyo mwaka 1923. Ilitolewa Februari 1927, miezi mitatu baada ya kifo chake. Saive akaendelea peke yake. Haki za Colt juu ya ile ya 1911 zilipokwisha muda 1928, alichukua yale yaliyomfaa humo, na kile kiungo kimoja cha kuyumba kilichobaki chini ya mtutu akakiondoa kabisa, akaweka pembe ya chuma isiyotikisika. Ubelgiji iliipokea bastola hiyo mwaka 1935. Iliitwa kwa Kifaransa Grande Puissance, yaani nguvu kubwa, na ulimwengu ukaiita Browning Hi-Power. Kwa maoni yangu Saive alinyimwa haki yake katika jina hilo. Ila yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi aliyeendelea kupunguza kama mwalimu wake.

Mwaka 1940 Wajerumani waliiteka Ubelgiji na kukishika kiwanda, wakaunda bastola zile zile kwa jeshi lao. Baadhi ya mafundi wa Herstal, Saive akiwamo, walifika Uingereza. Ndipo zamu ya Toronto ilipofika. Mtaa wa Strachan, upande wa magharibi ya katikati ya mji, palikuwa na kiwanda cha John Inglis, kilichokuwa tayari kikiunda bunduki za Bren, na maelfu ya wafanyakazi wake walikuwa wanawake. Serikali ya Uchina ilitaka bastola za Browning kwa vita vyake na Wajapani, na Kanada ikakubali kuziunda kama msaada. Michoro kamili haikuwapo. Mafundi wa Inglis walipima bastola za sampuli zilizotoka kwa Wachina, kipande kwa kipande, wakachora upya. Kazi ilianza mwanzoni mwa 1944 na kusimama 1945, baada ya kuunda 150,000 na ziada kidogo.

Wenye kukusanya vitu vya kale huzitofautisha hivi. Namba 1 ilikuwa ya Wachina: alama yake ya nyuma ya kulengea hupandishwa na kushushwa kwa kipimo cha umbali, na mgongo wa mpini una mfereji wa kuchomekea kitako cha mbao, ambacho pia ni ala ya kuitilia bastola. Namba 2 ilikuwa ya Wakanada na Waingereza: alama yake haisogei, na aghalabu mfereji haumo. Zikaja baadaye zenye nyota baada ya jina, na hizo zilirekebishwa vile vijichuma viwili vinavyolivuta na kulitupa ganda tupu. Namba za Wachina zina herufi CH, na nyingine zina T. Ubavuni mwa kila moja limechongwa jina la Browning, la kiwanda cha Herstal, la Inglis na la Kanada. Vita vilipokwisha, kiwanda kiligeukia vyombo vya nyumbani, na watu wengi wa mji huu hulikumbuka jina la Inglis kwenye mashine ya kufulia nguo. Siku hizi sehemu ile huitwa Liberty Village na imejaa maghorofa ya makazi.

Huko Ubelgiji matoleo ya baadaye yalikwenda njia nyingine. Kuanzia 1962 kile kijichuma cha kuvutia ganda kilihamishwa nje, palipo rahisi kukibadilisha. Nyundo ya mviringo yenye tundu ilikuja kupewa ncha kama ukucha. Toleo la pili, la 1982, lilipata swichi ya usalama pande zote mbili, kwa wanaotumia mkono wa kushoto. La tatu, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, likaongezewa kizuizi cha kuizuia isijifyatue ikianguka. Fundi aliyekuwa akipunguza hakuwapo tena, na kila toleo likaongeza kitu. Si kosa: kizuizi kile hakika kimeokoa miguu na maisha. Ilipofika 2018 bastola ya asili ilikuwa haiundwi tena. Mwaka 2022 kiwanda cha Herstal kilitoa bastola mpya kwa jina hilo hilo la zamani, yenye risasi 17, ambayo ndani yake ni chombo kingine.

Mwaka huo wa 2022 Kanada ilichagua bastola ya SIG Sauer kuchukua nafasi ya zile za Inglis, ambazo jeshi lake lilikuwa likizitumia tangu vita vya pili. Mwezi Oktoba mwaka huo huo serikali ilisimamisha watu binafsi kununua, kuuza na kupeana bastola nchi nzima. Bibi yetu mkubwa alipoelezwa hayo jikoni kwake Flemingdon Park aliuliza jambo moja tu, ambalo kamati haikuweza kulijibu: ikiwa namba ya bastola ya Sarajevo yajulikana tarakimu zote tano, jina la babu yake limeandikwa wapi?

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia vita vile, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Katika shajara ya ukoo, ukurasa wa 3, juu ya jina la baba yake bibi, kuna nafasi tupu. Sisi twamjua babu huyo kwa jina la utani la baharini tu. Yeyote wa Pangani, Tanga au Maskati aliyepata kulisikia jina lake kamili kwa wazee aje nalo mkutanoni, au alitume kwa katibu kabla ya orodha kupigwa chapa upya.